Unahama Dar unaenda kuanza maisha mkoani? Nenda mara mbili, kwanza na begi tu, mizigo ifuate

Kila ajira zikitoka naona vijana wa hapa Dar wanapangiwa Kigoma, Katavi, Songwe, Kagera, wengine wanapata kazi kwenye kampuni za Mwanza au Mbeya, wengine wanaenda kujaribu biashara ya mchele au parachichi, na wengi wao wanafanya kitu kilekile, wanafungasha kila kitu, wanaagwa, wanapanda basi na maisha yao yote yakiwa kwenye buti, wanafika mji hawaujui saa nne usiku afu kesho yake asubuhi ndo wanaanza kutafuta chumba. Sasa mtu aliyechoka, ana mizigo imelala gesti na analipia kila usiku, huyo hachagui nyumba, anachukua ya kwanza anayoonyeshwa kwa bei ya kwanza anayotajiwa, na dalali akimwangalia tu usoni anajua.

Ndo maana mi kila anayeniuliza namwambia kitu kimoja, nenda mara mbili. Safari ya kwanza nenda na begi la mgongoni, kaa wiki moja, ikiwezekana mbili, tafuta nyumba, jua mji, rudi Dar. Safari ya pili ndo unahama. Najua utasema hiyo ni nauli mara mbili na hela yenyewe ya kuunga unga, ila kaa chini upige hesabu ya kodi ya miezi sita kwenye nyumba ambayo haina maji, halafu uweke pembeni ya nauli ya basi, utaona ipi ni hela nyingi. Kama umepewa tarehe ya kuripoti na iko karibu, basi ripoti na begi, omba kukaa kwa mtu au gesti ya kawaida, mizigo iache kwa mama mpaka upate chumba. Mizigo haiozi.

Kabla hata ya begi, hela. Tuseme chumba na sebule umeambiwa elfu sitini kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, hiyo ni 360,000, dalali anachukua ya mwezi mmoja, 60,000, tayari ni 420,000 na hujanunua hata ndoo ya kuogea. Ongeza gari la mizigo, ongeza nauli za safari zote mbili, afu ongeza hela ya kula na kutembea ya miezi mitatu bila kuhesabu mshahara wowote. Hii ya miezi mitatu watu wanaidharau sana jamani. Mshahara wa kwanza mara nyingi unachelewa, taarifa zako hazijaingia, akaunti haijasomeka, mara jina limekosewa herufi moja, na wewe uko mji ambao huna hata mtu wa kumkopa elfu tano. Waajiriwa wapya wa serikali kuna pesa ya kujikimu ya kuanzia, hiyo ni haki yako, idai kwa mwajiri wako kwa utaratibu na utunze tiketi na risiti zako zote, ila usipange maisha kwa kutegemea itakuwepo siku unayofika.

Na kuna hela nyingine ambayo sijawahi kuona mtu anaiandika kwenye bajeti, nauli ya msiba. Ukiwa Mbagala na shangazi akafariki Tabata unapanda daladala. Ukiwa Kigoma ni habari nyingine kabisa, simu inaingia saa tano usiku, mazishi kesho kutwa, unatakiwa upate usafiri sasa hivi, na huwezi kuanza kuzunguka kwa watu ambao wamekujua juzi. Weka nauli ya kwenda na kurudi Dar kwenye akaunti yako ya pili au laini ambayo huitumii kila siku, usiiguse kwa kitu kingine chochote hata kama umeona sofa zuri. Ukiitumia kwa msiba ukirudi unaijaza tena kabla ya kitu kingine.

Sasa safari ya kwanza, uende lini. Watu wengi wanachagua kipindi kizuri, mi nasema nenda kipindi kibaya kama unaweza. Mbeya na Njombe nenda Juni au Julai ndo ujue baridi ni nini, Mbeya mjini iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na Njombe iko juu zaidi, asubuhi ya Julai mtoto wa Temeke anaweza kukaa kitandani akilia na siongezi chumvi. Kama unapangiwa kijijini nenda wakati wa mvua, na hapa ujue kwamba mvua za huko sio kama zetu, sisi Dar tuna vuli mwisho wa mwaka na masika Machi mpaka Mei, lakini kule Mbeya, Rukwa, Katavi, Ruvuma zinaanza kama Novemba zinakwenda moja kwa moja mpaka Aprili. Barabara ya vumbi uliyoonyeshwa Agosti ukapita kwa bodaboda dakika ishirini, Februari inaweza kuwa matope ya kusukuma pikipiki. Hata lami zinakatika, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita mvua zilikata barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara, watu wakakwama njiani. Kwa hiyo anayehamia kusini asifungashe Aprili wala Mei kama ana hiari.

Kwa usafiri wa safari ya kwanza basi linatosha. Siku hizi mabasi yanatembea usiku, tangu Oktoba 2023 ruhusa ilivyorudi, kwa hiyo kwa mikoa kama Mbeya unaweza kuondoka Mbezi pale stendi ya Magufuli jioni ukafika asubuhi. Ila kama hujawahi kwenda huo mkoa nakushauri sana upande la mchana angalau mara moja. Njia ya Mbeya kwa mfano unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, unapanda mlima Kitonga, unapita Iringa, Mafinga, Makambako, na unajionea mwenyewe wapi mashamba yanaanza, wapi kuna mji wa kununua vitu, wapi ni pori. Hiyo picha inakusaidia baadaye. Sweta usiliweke kwenye buti, weka kwenye begi la mkononi, maana ukishaipanda Kitonga hali ya hewa inabadilika na wewe uko na tisheti uliyotoka nayo Mbezi saa kumi na mbili asubuhi ukiwa unatoka jasho.

Wa Dodoma wana raha, treni ya umeme ya SGR inafanya kazi tangu 2024, masaa machache umefika, na hata anayeenda Singida, Tabora au Kigoma anaweza kupunguza uchovu kwa kwenda Dodoma na treni afu akaunganisha basi. Reli ya zamani ya kati inafika Kigoma na Mwanza, ni safari ndefu ila hela yake ni nafuu, uliza ratiba stesheni kabla hujapanga. Kwa Mbeya kuna treni ya TAZARA pia, inapita Ifakara na Mlimba, uliza kwanza kama inatembea, haiendi kila siku na inachelewa, asiwe na haraka anayeipanda. Ndege ni nzuri ukiwa na begi tu na tiketi umekata mapema.

Ukifika, siku ya kwanza usitafute nyumba. Tembea. Panda daladala au bajaji mpaka mwisho wa njia, shuka sokoni uulize bei ya mchele, mkaa, maharage, nyanya, uliza watu wanaofanya kazi unapoenda kufanya wanaishi mitaa gani. Siku ya pili au ya tatu ndo uanze kuona vyumba, na uwe na mwenyeji. Mwenyeji sio lazima awe ndugu. Dar hii hakuna mtu asiyemjua mtu wa mkoa fulani, muulize fundi wako, muulize dada wa saluni, waulize kanisani au msikitini kwenu, uliza grupu la mliosoma wote, utapata namba ya mtu wa huko kabla hujaondoka. Mtu huyo akitembea na wewe bei ya dalali inabadilika hapo hapo, na salamu ya kilugha anajibu yeye.

Kwenye chumba chenyewe, hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo hela yako kubwa inapoingia. Kwanza fungua bomba. Likitoa maji usishangilie bado, angalia madumu. Nyumba ambayo kila mlango una madumu ya lita ishirini yamepangwa sita saba inakwambia ukweli ambao dalali hatakwambia. Tafuta mama anayefua pale uani, msalimie vizuri, muulize "shikamoo mama, samahani, maji hapa yanatoka siku gani?" usimuulize kama yanatoka, muulize siku gani, atakujibu Jumanne na Ijumaa usiku, na kisima kiko wapi, na dumu ni shilingi ngapi. Halafu luku. Uliza mita ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, kwa sababu mkichangia kuna mtu atakuwa na pasi na heater na wewe una taa mbili na mnalipa sawa. Kama ni yako nunua umeme wa elfu mbili hapo hapo umesimama, uangalie unapata yuniti ngapi, kama kuna deni la mpangaji aliyepita au kodi ya jengo inakatwa humo utaona kwenye meseji, na ndo wakati wa kumwambia mwenye nyumba hilo deni tunalifanyaje, sio baada ya kulipa miezi sita.

Angalia juu, kwenye silingibodi, madoa ya rangi ya chai maana yake bati linavuja. Simama katikati ya chumba, funga mlango, piga simu, maana kuna nyumba mtandao mmoja unashika nje tu na wewe laini yako ndo hiyo hiyo. Kama kazi yako ni ya intaneti jaribu laini mbili tatu tofauti pale pale. Rudi tena saa mbili usiku, uone taa za njiani zipo au hazipo, uone kama pembeni kuna baa inayopiga mziki mpaka alfajiri, uone bodaboda wapo au ukichelewa kazini unatembea kwa mguu. Dada zangu hii ya usiku msiiruke kabisa, mnaweza kwenda na mwenyeji.

Mwanza ina kitu chake. Mji ule umejengwa kwenye milima ya mawe, na vyumba vya juu kule Mabatini, Igogo na mitaa mingine ya mlimani vina bei nzuri na unaona ziwa lote, ila gari la mizigo linaishia chini barabarani. Friji lako litapanda mgongoni kwa vijana wa kubeba, na kila dumu la maji vilevile, na wewe kila siku baada ya kazi vilevile. Wapo watu wanaishi huko na wamezoea, mi sikwambii usichukue, nakwambia panda mara mbili mfululizo ukiwa na begi lako kabla hujasema ndio.

Hela ya kodi usitume kwa simu ukiwa Dar, hata picha ziwe nzuri kiasi gani, hata aseme kuna mwingine anakuja na hela jioni. Anayetaka utume kabla hujasimama kwenye chumba mwache aende na huyo mwingine. Ukilipa, lipa kwa mwenye nyumba mwenyewe, mkataba uandikwe, jina lake lifanane na jina linalotokea kwenye muamala, mtendaji wa mtaa au mjumbe awe anajua nyumba ni ya nani. Omba miezi mitatu. Wengi watakataa, ila mikoani wapo wanaokubali, hasa ukisema unafanya kazi wapi na mwenyeji wako anajulikana.

Umerudi Dar, sasa mizigo. Swali la kila kitu ni hili, bei ya kukisafirisha pamoja na hatari ya kuvunjika ni ndogo kuliko bei ya kununua kingine huko? Kitanda cha mbao mara nyingi hapana, uza, mafundi seremala wapo kila mji na miji mingine mbao zao ni bei rahisi kuliko hapa, Iringa na Mbeya huko ndo kwenye misitu ya kupandwa. Feni kama unaenda Mbeya, Njombe au Makete mpe mdogo wako. Nguo za baridi usinunue Dar, hapa hazina soko hata mitumba yake ni michache, beba sweta mbili za kuanzia, zingine utapata soko la Mwanjelwa pale Mbeya marobota kwa marobota. Blanketi zito ndo ununue mapema. Mtungi wa gesi nao uangalie ni wa kampuni gani na hiyo kampuni ina mawakala huko unakoenda, maana unaweza kufika na mtungi ambao hakuna wa kukubadilishia, na usithubutu kuuficha kwenye begi ukapanda nao basi, ule ni moto unasafiri na abiria. Vyombo vya chakula, pasi, jiko, vitabu, nguo, kompyuta, hivyo beba.

Kariakoo na maeneo yake kuna magari ya mizigo ya karibu kila mkoa, na ukiuliza wafanyabiashara wa mkoa huo wanaokuja kununua bidhaa watakuonyesha gari wanaloliamini wao, hiyo ndo njia nzuri kuliko kufuata kijana anayekuvuta shati barabarani. Funga vitu vidogo kwenye maboksi, maboksi yaingie kwenye viroba, viroba vishonwe mdomo. Kwa maka peni nene andika jina lako, namba ya simu, mji, na namba ya kifurushi, mfano 3 kati ya 9, pande mbili, sio upande mmoja, kwa sababu kiroba kikilala na upande wa maandishi chini kuli hana muda wa kukigeuza. Kila kifurushi kipige picha kikiwa karibu na gari. Risiti iandike idadi na vitu vya kuvunjika vitajwe kwa jina, "friji 1, TV 1", sio "mizigo mbalimbali". Friji lisafiri limesimama, na likifika usiliwashe siku hiyo, liache limetulia mpaka kesho, likiwa limelazwa njiani mafuta ya kompresa yanahitaji muda wa kurudi mahali pake. Vyeti, hela, laptop, dawa unazotumia kila siku na chaja ya simu vinapanda na wewe kwenye basi miguuni, havigusani na lori hata kidogo.

Ukishasikia gari limefika huko nenda na mwenyeji, hesabu kabla hujasaini. Moja mpaka tisa. Kama kuna kilichovunjika au kilichopungua kiandikwe kwenye karatasi yao hapo hapo dereva akiwepo.

Makaratasi hayachukui muda ila usiyaache. Namba au kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na nakala zake zilizopigwa muhuri, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako wa Dar. Mikoa ya mpakani kama Kigoma na Kagera usitembee bila NIDA, uhamiaji wanakagua mpaka kwenye mabasi na kusema "mi natoka Dar" sio kitambulisho. Kama una bima ya afya uliza ni kituo gani huko wanaipokea, uliza ukiwa mzima. Mkatoliki chukua barua ya jumuiya yako, na madhehebu mengine yana utaratibu wake wa barua vilevile, inakufungulia mlango kirahisi sana.

Vikoba na mikopo ya simu malizana nayo ukiwa hapa, au kaa na mwenyekiti wa kikundi mkubaliane utatuma hisa kwa simu kila wiki na dhamana yako inakuaje. Ukiondoka kimya na deni la kikundi wanaokujiwa mlangoni ni mama yako na wadogo zako, na hilo sio jambo la kumwachia mama.

Halafu wazazi. Mzazi wa Dar akisikia Katavi anaona kama umeenda nchi nyingine, na anaogopa mambo ambayo hatakwambia. Usimwambie wiki ya kuondoka. Mwambie mapema, mwonyeshe picha za chumba ulichopata, mpe namba ya mwenyeji wako aongee naye mwenyewe kwa sauti, hiyo simu moja inamtuliza kuliko maneno yako yote. Na muongee hela kwa uwazi. Watu watadhani umepata kazi basi mwezi wa kwanza unatuma, sema mapema, "mama, miezi mitatu ya kwanza nijipange, kuanzia mwezi wa nne nitakuwa natuma kiasi hiki," utaje kiasi ambacho unakiweza kweli. Ukishasema kiasi kitume, hata kama ni elfu ishirini.

Umehamia. Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe na barua yako, mwenyekiti akujue, mjumbe akujue. Kijana mgeni anayekaa peke yake anaingia usiku anatoka alfajiri na hajulikani, mtaani wanaanza kujiuliza maswali, na siku ukiibiwa au ukiugua hakuna atakayejua pa kuanzia. Salimia. Mikoani salamu ni kitu kikubwa kuliko hapa kwetu, ukipita mbele ya watu wazima bila shikamoo umeshajieleza ni mtu wa aina gani. Jifunze salamu ya huko hata kama lugha nyingine yote huijui, Usukumani asubuhi ni mwangaluka, Unyakyusani ugonile, watacheka unavyotamka na ndo mtakuwa mmeanza kuongea.

Kuna kitu kidogo kinawachanganya watu wa Dar wakienda magharibi, saa. Saa ni moja nchi nzima ila jua sio moja. Kigoma jua linachomoza na kuzama kama dakika arobaini nyuma ya Dar, Mwanza karibu nusu saa, Mbeya dakika ishirini na kitu. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi Kigoma bado ni giza na wewe ulikuwa umezoea kutoka nyumbani muda huo. Waislamu ratiba ya swala iliyoko kwenye simu yako iangalie kama imebadilisha mji, na Ramadhani usifuate kalenda ya Dar uliyotumiwa na ndugu, utafungua kabla ya magharibi ya huko.

Mwili nao upe nafasi. Anayehamia kanda ya ziwa alale kwenye chandarua kuanzia usiku wa kwanza, malaria ya huko haina mchezo, na Ziwa Victoria usiingie kuoga kwenye maji ya kina kifupi ufukweni hata kama watoto wanaogelea, kuna kichocho. Homa ikija nenda kapime, usinunue dawa duka la karibu kwa kukisia. Aliyeenda juu kwenye baridi maharage yatachelewa kuiva, sio jiko lako bovu, maji yanachemkia joto la chini kidogo huko juu, loweka usiku kucha afu upike. Na usigeuze chumba kiwe na jiko la mkaa ndani ili upate joto ukafunga madirisha ukalala. Watu wanakufa kwa hilo. Jiko likae nje, na wewe nunua blanketi la pili.

Upweke utakuja, mara nyingi sio wiki ya kwanza, ni kama mwezi wa pili hivi, shamra shamra zimeisha na Jumamosi jioni huna pa kwenda. Dawa yake sio kushinda kwenye simu na watu wa Dar. Jiunge na kitu kinachokutana kila wiki bila kukuuliza kama unajisikia, kwaya, darsa, timu ya mtaa ya mazoezi ya asubuhi, tawi la Yanga au Simba, matawi yapo kila mji na siku ya mechi hakuna mgeni pale. Mtaani wakichanga msiba toa, hata kama marehemu humjui, na uende ukakae kidogo kwenye turubai. Kuanzia hapo jina lako linabadilika kutoka "yule mpangaji mpya" unaanza kuitwa kwa jina lako.

Na ukikaa kidogo simu za Dar zitaanza, nitumie mchele wa Kyela gunia, nitumie dagaa wa Kigoma, nitumie sato. Mama mtumie bila kuhesabu ukiwa nacho. Wengine wote mwambie bei ya sokoni, gharama ya kifurushi kwenye basi, atume hela kwanza, wewe unanunua, unafunga, unaandika jina na namba pande mbili, unampigia kumwambia gari gani na litaingia Mbezi saa ngapi akachukue mwenyewe. Wengi wataendelea kuagiza, na wapo walioanzia hapo hapo wakapata biashara yao ya pembeni.